Kaburi Bichi la Nyangwine

Afisa wa uhamiaji alipouliza kaburi la babu yake Neema liko wapi, Stanslaus alijibu upesi kuliko mtu anayesema kweli.

"Lipo nyumbani kwangu. Upande wa migomba. Limejengewa vizuri."

Scholastica, mkewe, aliyekaa nyuma yake kwenye benchi la ofisi ya kijiji cha Nyangoto, akamtazama kisogo. Aliolewa katika boma lile akiwa msichana, akalifagia kila pembe, na migomba hiyo aliipanda kwa mikono yake mwenyewe. Upande wa migomba palikuwa na shimo la taka, mpera mmoja, na kuku waliotaga popote walipojisikia. Kaburi hakuwahi kuliona.

"Vizuri," afisa akasema. "Alhamisi nitakuja na kamati tulitazame."

Alikuwa kijana mpole wa mikoa ya mbali, mwenye desturi ya kumwamkia kila mzee shikamoo kabla ya kumtilia shaka. Mbele yake alikaa Neema, binti yao, na bahasha ya vyeti magotini. Neema alikuwa amepata kazi ya mapokezi katika kambi moja ya watalii karibu na Robanda. Kambi ilikuwa tayari kumpokea, ila ilitaka namba ya kitambulisho cha taifa, na nafasi wangemshikia mpaka mwisho wa mwezi tu. Walioisubiri nafasi hiyo walikuwa wengi, na baadhi yao babu zao hawakuwa na maneno mengi.

"Mimi sina tatizo na binti," afisa akaendelea. "Kazaliwa hapa, kasoma hapa. Tatizo langu ni ile pale."

Wote, hata mzee Elia wa kamati ya kijiji aliyekaa pembeni, wakageuka kutazama ukuta. Juu ya kiti cha mtendaji Daudi ilining'inia kalenda ya Ukoo wa Nyangwine. Ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye kifua kipana, ngozi ya chui begani na mkuki mkononi. Aliichora fundi wa mabango ya saluni mjini Tarime, ndiyo maana shujaa huyo wa kale alikuwa amenyolewa kwa mtindo wa siku hizi. Chini yake yaliandikwa maneno makubwa mekundu: SHUJAA NYANGWINE, ALIYEVUKA MPAKA KUTOKA KENYA NA NG'OMBE WASIOHESABIKA.

"Umeiandika wewe, mzee?"

Stanslaus alinyoosha kola. Hata katika shida, mtu akisifiwa maandishi yake humwia vigumu kukana. "Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya historia ya ukoo," akasema.

Hakusema kwamba kamati hiyo ilikuwa na mjumbe mmoja.

*

Utafiti wa Stanslaus ulikuwa na njia yake. Humkuta mzee, humnunulia soda, humweleza jibu, kisha humuuliza swali. Kwa njia hiyo alizunguka Sirari yote, akavuka mpaka hadi Kehancha, na kila alipofika historia ilizidi kunenepa. Huko Kehancha ndiko alikompata Thadeo, mtu mzima mwenye koti na sauti, ambaye ukoo wao ulikuwa na kijana aliyepotea zamani akiswaga ng'ombe kusini. Stanslaus alimpelekea mbuzi na mfuko wa sukari. Mbuzi alipoiva, kijana aliyepotea alikuwa ameshaitwa Nyangwine.

Kalenda ilipochapishwa, aliigawa kanisani, dukani, zahanati na ofisi ya kijiji. Watu walipokea kwa mikono miwili. Walimpigia makofi. Hakuna aliyeuliza kitu, naye Stanslaus aliuchukua ukimya ule kuwa ni heshima.

Sasa walikuwa wanarudi nyumbani, Neema ametangulia mbele kwa hatua ndefu za mtu asiyetaka kusemeshwa.

"Baba Neema," Scholastica akaanza. "Kaburi gani?"

"Litakalokuwepo."

"Litakuwepo na nani ndani?"

"Mama Neema, afisa atakuja kutazama juu. Hatakuja na jembe."

Akapita moja kwa moja dukani kwa Odoyo. Odoyo aliuza saruji, misumari na mabati. Babu yake alikuwa Mjaluo aliyekuja kutoka ng'ambo kuuza samaki wakavu, akachelewa kurudi. Alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulikuwa na kawaida ya kufika mahali panapouma.

"Saruji ya nini, mura?"

"Kaburi."

Odoyo akavua kofia. "Pole sana. Nani katutoka?"

"Baba yangu."

"Lo. Lini?"

"Zamani."

Odoyo akairudisha kofia kichwani polepole. "Kumbe barabara ndiyo mbaya, habari inafika leo." Akamtazama Scholastica, naye Scholastica akatazama mizani. "Utaweka marumaru? Zilizobaki ni za bafuni. Zina picha ya samaki."

"Hakuna zisizo na samaki?"

"Za wasiopenda samaki zimeisha. Marehemu hakula samaki?"

"Leta," Stanslaus akasema.

*

Fundi alijenga mchana mzima. Kaburi lilisimama chini ya mpera, jeupe, linang'aa, samaki wa buluu wakiogelea pande zote kuelekea mashariki. Kichwani Stanslaus mwenyewe aliandika kwa msumari kwenye saruji mbichi: NYANGWINE. SHUJAA. ALILALA 1974. Kuku mmoja akapita juu ya neno shujaa kabla halijakauka.

Mogesi, mama yake Stanslaus, alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake ndogo akipukuchua mahindi. Alikuwa mzee sana, macho yamefifia, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na ulimi ulikuwa mzima zaidi.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, mama," Stanslaus akajibu, anafuta mikono. "Tunamjengea baba."

"Baba yupi?"

"Nyangwine."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya gunzi. Akafikiri.

"Amekufa?" akasema. "Mbona hata sikumwona akija."

Fundi alicheka mpaka akalazimika kuketi. Stanslaus aliingia ndani akafunga mlango, na hapo Neema, aliyekuwa akimenya ndizi jikoni na mama yake, akakiweka kisu chini.

"Bibi ana maana gani?"

Scholastica angeweza kujibu. Alilijua jambo hilo tangu wiki yake ya kwanza ya ndoa. Mogesi alimwambia waziwazi walipokuwa wanapalilia, kama mtu anavyomwonyesha mgeni palipo kisima. Lakini mumewe alimwomba asiwaambie watoto mpaka wakue. Watoto walikua, yeye akaomba tena.

"Kamuulize mwenyewe," Scholastica akasema. "Na mimi nakuja."

Mogesi hakuficha kitu. Hakuwahi kuficha, ni kwamba mwanawe alimkataza mtu yeyote kumuuliza.

"Mimi niliolewa na Mokami," alisema. "Bibi mwenye boma hili. Alijaliwa mabinti watupu. Mabinti wakaolewa, ng'ombe wakaingia zizini, na hakuna mtoto wa kiume wa kuwarithi. Basi akachukua ng'ombe wake, akaja kwa baba yangu akanioa. Nyumba ntobhu. Hukufundishwa shuleni?"

"Hatukufundishwa, bibi."

"Mnafundishwa nini sasa? Aliniolea mwanawe wa kiume."

"Nyangwine?"

"Nyangwine. Nilipofika hapa, na mafuta bado mwilini, nikauliza, mume wangu yuko wapi. Mokami akaniambia, hajazaliwa. Wewe anza kulima." Akatupa gunzi kwenye ungo. "Nikaanza kulima."

Neema alimtazama mama yake. Scholastica akaitikia kwa kichwa.

"Na baba alizaliwaje?"

"Kama watu wanavyozaliwa."

"Na nani, bibi?"

"Hilo haliulizwi, mjukuu wangu. Ng'ombe walikuwa wa Mokami, nyumba ilikuwa ya Mokami, mtoto ni wa nyumba. Anayepita njiani haachi jina."

Neema alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu wa mapokezi, mtulivu, anayetafuta ufunguo wa chumba. "Mokami alizaliwa wapi?"

Mogesi akanyoosha kidole bila kugeuka. "Mlima ule pale. Na amelala pale nyuma ya zizi la zamani. Kwenye jiwe la kusagia. Si ndipo ninapofagia kila asubuhi? Mlidhani nafagia nini, mavi ya mbuzi?"

*

"Sasa umesikia," Scholastica alimwambia mumewe chumbani. "Kweli ya nyumba hii imezaliwa mlimani hapo, haijavuka mpaka wowote. Mwambie afisa. Mtoto apate namba."

Stanslaus alikuwa amekaa kitandani na simu mkononi. "Mimi mzee wa kanisa. Nisimame mbele ya kamati niseme mama yangu aliolewa na mwanamke? Afisa yule si wa huku. Ataelewa nini?"

"Ataelewa utakachomweleza."

"Na baba yangu nimweleze nini? Kwamba hakuzaliwa?" Akacheka kicheko kikavu. "Unajua shuleni waliniitaje? Mtoto wa ng'ombe. Mwalimu akiita majina, akifika kwangu wavulana wanalia kama ndama. Darasa zima. Nikasema nikiwa mtu mzima nitakuwa na baba. Na nilijua, baba nikimtoa hapa karibu, kila mzee atasema huyo hatumjui. Ndiyo nikamtoa Kenya."

Scholastica alimhurumia. Alimhurumia kama mtu anavyomhurumia mlevi aliyelala barabarani: alitamani ainuke, lakini zaidi alitamani aondoke njiani ili wengine wapite.

"Baba huyo umemtoa Kenya," akasema, "na sasa anamvuta mtoto wako kumrudisha huko."

"Kaburi litatosha."

"Na hiyo simu unafanya nini nayo?"

Stanslaus aliificha, lakini alikuwa amekwisha chelewa. Alikuwa na mazoea. Kila jambo la ukoo lazima alitangaze kwenye kundi lao la simu. Picha ya kaburi, samaki wakionekana vizuri, ilikuwa imeshafika Kehancha.

*

Alhamisi kamati ilifika na kuketi kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Mtendaji Daudi alikuja na kalamu mbili. Mzee Elia, mjumbe mkongwe kuliko wote, alikuja na ugoro wake na fimbo yake, akachagua kiti chenye kivuli. Afisa akaamkia wote, hata fundi aliyekuwa anapita.

Kisha akaenda kwenye mpera, akainama. Alisoma maandishi. Alitazama nyayo za kuku. Akabonyeza saruji kwa kidole gumba, na alipokitoa, alama ya kidole ikabaki, nzuri, kama ya kuthibitishia kura.

"Mzee Stanslaus. Marehemu alilala mwaka gani?"

"Sabini na nne."

"Naona saruji ilichelewa kupata habari."

Mtu mmoja wa kamati akakohoa ndani ya kofia yake.

"Ni ukarabati," Stanslaus akasema.

"Na hawa samaki?"

"Alikuwa mtu wa mto Mara."

"Shujaa wa ng'ombe wasiohesabika, au mvuvi?"

"Vyote."

Afisa alifungua mdomo aulize tena, lakini hakupata nafasi, maana kwenye njia ya ng'ombe ilisikika Probox ikipanda kwa taabu. Ilisimama mbele ya zizi. Akashuka Thadeo na koti lake, na nyuma yake wazee wawili wamebeba shada la maua ya plastiki.

"Stanslaus, haya ni mambo gani?" Thadeo alianza kabla hajafika. "Unajenga kaburi ya mzee na sisi hatuambiwi? Tunaona tu kwa simu, kama watu baki? Hiyo si poa. Hiyo ni dharau."

"Karibu, ndugu, tulikuwa na kikao kidogo," Stanslaus akasema, anamshika mkono ampeleke nyuma ya nyumba.

Lakini Thadeo alikuwa ameona viti, watu na faili, na mtu wa aina yake akiona viti hawezi kupita bila kuhutubia. Akawasalimu wote kwa mkono.

"Na wewe mzee ni nani wa familia?" afisa akauliza kwa upole wake.

"Mimi? Mimi ndio mwenye mtu. Nyangwine ni wetu, mia kwa mia. Alizaliwa kwetu, upande ule wa Kenya, hata boma ya babake iko mpaka leo, naweza kukupeleka. Huyu Stanslaus ni damu yetu. Hebu angalia pua yake, kisha uangalie yangu."

Kamati yote ikatazama pua moja, kisha nyingine. Hazikuwa na undugu wowote, lakini hakuna aliyelitaja hilo.

"Na huyu binti?"

"Huyo ni msichana wetu. Anatakiwa nini?" Thadeo akaitazama bahasha ya Neema. "Mkimkataa nyinyi, sisi tutamchukua. Mtu haachi damu yake."

Afisa akaandika. Kalamu yake ilikwenda taratibu, haikuwa na haraka wala uadui, na hilo ndilo lililomtisha Scholastica. Alimwona Neema akiiweka bahasha chini, kwenye majani, kama kitu kilichomaliza kazi. Binti hakulia. Alivua viatu alivyoazimwa na rafiki yake kwa ajili ya siku hiyo, akavifuta vumbi, akavipanga sambamba.

"Basi," afisa akasema, akifunga faili. "Mimi nitaandika nilichosikia."

"Baba Neema," Scholastica akaita.

Stanslaus alikuwa anatazama samaki.

"Baba Neema. Sema."

Hakuinua uso. Watu wakaanza kusogeza viti, na hapo Mogesi akazungumza kutoka mlangoni kwake, bila kupaza sauti.

"Stanslaus, toka nyuma ya huyo mtu. Hana mwili wa kukuficha."

Stanslaus akamtazama mama yake, kisha viatu vilivyopangwa sambamba. Midomo yake ilicheza mara kadhaa bila neno, kama mtu anayetafuta wimbo kwenye kitabu kisicho chake.

"Mimi," akasema mwishowe, "nimezaliwa nyumba ntobhu. Mama yangu aliolewa na Mokami, mwanamke wa hapa. Nyangwine ni jina tu. Hakuwahi kuwepo. Humu ndani hamna mtu."

Scholastica alingoja mshtuko. Alingoja watu washike vichwa, angalau mmoja aseme lo. Hakuna. Mtendaji Daudi alikuwa anang'oa kitu kwenye jino. Mzee Elia alinusa ugoro wake, akafuta pua, akasema, "Ndiyo, tata, tunakusikiliza. Endelea."

"Nimemaliza."

"Ah. Nilidhani kuna jipya."

Hapo ndipo Scholastica alipoelewa, na alimwona mumewe naye akielewa. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kilijua siku kalenda ilipogawiwa, kilijua kilipokuwa kinapiga makofi. Maisha yake yote Stanslaus alikuwa amejificha uwanjani, na watu kwa adabu walikuwa wanapita wakitazama pembeni.

"Mzee Elia," afisa akasema, "wewe ulijua?"

"Nilikula harusi. Nilikuwa mtoto, lakini nyama naikumbuka."

"Na juzi ofisini ulinyamaza?"

"Uliuliza kaburi. Hukuuliza mtu."

"Na kalenda?"

"Kalenda haina kosa. Sikukuu zote zimo."

Afisa akafungua tena faili. Akatafuta mahali, akapata, akakuna kichwa kwa mwisho wa kalamu. "Hapa nijaze nini? Mahali alipozaliwa babu."

"Hakuzaliwa," Stanslaus akasema.

"Siwezi kuandika hakuzaliwa. Itarudishwa."

Mzee Elia akaegemea fimbo yake. "Kijana, nikuulize. Mtu ambaye hakuzaliwa, anaweza kuwa amezaliwa Kenya?"

"Hawezi."

"Basi hakuzaliwa Kenya. Si ndilo serikali inalotaka kujua?"

Kamati ikaguna kwa kuridhika. Afisa alilizungusha jambo hilo kichwani, akatafuta mahali lilipovunjika, hakupaona. Akaomba kuonyeshwa kaburi la kweli. Walimpeleka nyuma ya zizi la zamani, penye jiwe la kusagia lililozama nusu ardhini, pamefagiliwa, pasafi kuliko ua wa kanisa. Wazee wakamwonyesha mlima alikozaliwa Mokami, na kila mmoja alikuwa na neno juu yake: kwamba alikopesha mbegu mwaka wa njaa, kwamba alimchapa chifu mdogo kwa mpini wa jembe, kwamba hakupenda kelele. Yote hayo bila hata soda.

"Na baba mzazi," afisa akauliza waliporudi, akishusha sauti. "Nikisema mzazi hasa. Yule mtu."

Wazee wakatazama mawingu. Mogesi akamwita asogee.

"Mwanangu, una mama?"

"Ninaye, bibi."

"Uliwahi kumuuliza yeye hilo?"

Kijana yule akainama akaandika jina la Mokami, herufi baada ya herufi, na mahali alipozaliwa, na hakuuliza tena.

Aliyebaki amesimama ni Thadeo, shada la plastiki mkononi, koti limemkaa vibaya ghafla. "Ngoja kwanza," akasema. "Kwani yule mbuzi tulikula alikuwa wa nani?"

"Wangu," Scholastica akajibu. "Nilimlea kwa maziwa ya kikombe. Aliitwa Sabato."

*

Namba ilitoka kabla ya mwisho wa mwezi. Neema akaenda Robanda, akapewa sare na meza. Alipiga simu kusema kwamba wageni wengi huko wametoka mbali kutafuta wanyama, na kwamba wakiona jina la ukoo wake kifuani humuuliza ni la kabila gani na lina maana gani. Yeye hutabasamu na kuwauliza kama wanapendelea chai au kahawa.

Nyumbani, Stanslaus alikaa siku kadhaa bila kutoka. Alipotoka, aligundua kwamba hakuna kilichobadilika. Watu walimwamkia vilevile. Kanisani alikusanya sadaka vilevile. Jambo hilo lilimuuma zaidi ya kuchekwa.

Kaburi lenye samaki lilibaki chini ya mpera. Kuku walilipenda kwa sababu jioni lilibaki na joto. Mogesi alikataa katakata lisogezwe kwa Mokami, na akakataa marumaru zilizosalia. "Mokami hakupenda vitu vinavyoteleza," alisema. "Nikifa mniweke kwake, pale pale, kwenye udongo. Yeye ndiye aliyenioa. Huyu wenu wa samaki simjui."

Siku moja Odoyo alikuja, kofia mkononi, akakataa kiti, kisha akakikubali.

"Beryl wangu naye anatafuta namba," alisema. "Ameitwa wiki ijayo. Nimekuja kuomba kitu."

"Omba," Stanslaus akasema.

"Niazime baba yako."

Scholastica aliacha kupepeta mtama.

"Odoyo," Stanslaus akasema, "si umesikia? Huyo hakuzaliwa."

"Ndio uzuri wake. Babu yangu mimi alizaliwa, tena Rongo kule Kenya, na watu wanamkumbuka vizuri mno. Huyu wako hana neno. Ana kaburi, ana jina, ameshaingia kwenye faili, na samaki nimeuza mimi. Kwa samaki wale anafaa kuwa Mjaluo kuliko alivyofaa kuwa Mkurya."

Alisema kwa utani, lakini mikono yake ilikuwa inaikunja kofia na kuikunjua, na Scholastica aliona kwamba utani ulikuwa nusu tu. Aliyejibu ni Mogesi, kutoka mlangoni kwake.

"Mchukue, mwanangu. Ila usimchoshe. Hajazoea kazi."

Mwezi Desemba Stanslaus alisafiri tena kwenda Tarime kwa yule fundi wa mabango ya saluni. Hakumwambia mtu anakwenda kufanya nini. Alirudi na bunda la kalenda mpya kwapani, akaning'iniza moja ukutani kwa mama yake, akasimama pembeni kama mwanafunzi aliyerudisha daftari.

Scholastica alisogea akasoma. BIBI MOKAMI, MWENYE NYUMBA, ALIZALIWA NYANGOTO, AKALALA NYANGOTO. Kisha akaitazama picha, akauma kanga yake asicheke. Fundi hakuona sababu ya kuanza upya. Ni kifua kilekile, miguu ileile, mkuki uleule. Alimvika shujaa gauni la maua na kumfunga kitambaa kichwani, basi.

"Mama," Stanslaus akasema, "unamwona?"

Mogesi alisogeza uso mpaka pua ikakaribia karatasi. Alikaa hapo muda mrefu, macho yake mabovu yakipanda na kushuka, mkono ukipapasa.

"Gauni hilo hakuwa nalo," akasema. "Mkuki alikuwa nao."